Roshani ya Kanisa la Matofali

Kila ninaponusa nta ya kung'arishia mbao, narudi kwenye roshani ya kanisa moja la kale, upande wa Maryland, Marekani, si mbali na Oxon Hill, nikiwa na miaka tisa. Lilikuwa kanisa la Kianglikana lililojengwa na walowezi wa Kiingereza kabla nchi hii haijawa nchi. Padri wa pale alipenda kutueleza kuwa waliiga makanisa ya mawe ya vijiji walikotoka babu zao, yale yaliyodumu karne na karne: kuta nene, madirisha ya matao, sakafu iliyolika katikati kwa nyayo, na viti vilivyozungushiwa mbao na kufungwa kwa vilango vidogo, kama mazizi ya ndama. Mawe hayakupatikana, yakafinyangwa matofali. Hakusema yalifinyangwa na nani, na sisi hatukuuliza.

Sisi Wakenya tulipewa kanisa hilo Jumapili mchana, wenyeji wakishamaliza ibada yao. Mgeni ni kuku mweupe, na mama yangu, aliyehudumia wazee majumbani wiki nzima na kuongoza akina mama Jumapili, hakutaka tuonekane watu wa kelele. Ndipo akaiona ile roshani, juu kabisa nyuma, yenye ngazi yake ya nje na mabenchi yasiyo na egemeo. "Watoto mtakaa huko juu, muache wakubwa waombe," akasema. Kiangazi chote akawa anapanda na kopo la nta kuyasugua yale mabenchi. Joto lote la chini lilipanda kwetu, tukalowa jasho, lakini tulijiona wafalme. Kwenye tofali moja ukutani palikuwa na alama za vidole vitatu vidogo, na vyangu viliingia barabara.

Funguo za kanisa alizishika Bibi Lorraine, Mmarekani mweusi mwenye umri mkubwa. Jumapili moja alikuja kufunga mapema, akasimama mlangoni akitutazama kule juu. Ibada ilipokwisha akamuuliza mama kwa upole, "Nani aliwaweka watoto huko?" Mama akatabasamu, akasema ni yeye. Bibi Lorraine akamweleza kuwa huko ndiko walikokalishwa watumwa, na ngazi iliwekwa nje ili wasipite mlango mmoja na mabwana zao. Watu wake walikuwa miongoni mwao, na watoto wao ndio waliobeba matofali yakiwa bado mabichi. Yeye mwenyewe hajawahi kuipanda ngazi ile. Nilimshika mama mkono, ukawa unanuka nta.

Jumapili iliyofuata mama alitushusha. Vilango vikagongwa, watoto wakalia, mahubiri hayakusikika. Mzee wa kanisa akamfuata. "Mama Wairimu, hawa watoto wanadisturb service. Wenyeji wakichoka na sisi tutanyimwa kanisa. Ni viti tu, na hiyo history si yetu."

"Basi mzee, panda ukae wewe," mama akajibu.

Hakupanda. Lakini waumini wengi walimnunia mama, na kabla baridi haijaanza akina mama wakachagua kiongozi mwingine. Nami, badala ya kumkasirikia mzee, nilimkasirikia mama. Niliona aibu kwa vile nilivyokuwa nimejiona mfalme, nikaitupa yote juu yake, na kwa miezi nikakataa kuketi karibu naye. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Sasa naishi Herndon, jimbo la jirani, na binti yangu ana miaka tisa. Mwezi uliopita tulimpeleka mama kwenye mazishi ya Bibi Lorraine katika kanisa lile lile. Siku hizi kuna kibao chini ya ile ngazi kinachoeleza waliokalishwa juu. Sisi tulikua bila kuuliza. Watoto wa leo husoma kila kitu. Nikamwambia binti yangu kuwa nilipokuwa rika lake nilikaa kule.

"Nani alikuweka?" akauliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake.

Nikaanza kutafuta jibu laini, kwamba kanisa lilikuwa dogo, kwamba ulikuwa utaratibu tu. Mama alikuwa nyuma yetu akisikia.

"Mimi," akasema.

Kisha akafungua kilango cha kiti cha mbele, akakishikilia mpaka mjukuu wake akaingia kwanza.