Kocha Asiyepiga Kelele

Mimi ni shabiki wa mdomo, hilo nimeambiwa na watu wengi na sibishi. Jumamosi nafunga saluni yangu pale Gatina mapema, wateja wakinuna wanune, navuka Barabara ya Ngong hadi Kibera kuangalia timu ya chuo nilikosomea ususi. Kwa hivyo mtu akiniuliza huyu kocha mpya alifanya nini msimu wake wa kwanza, namwambia atafute kiti akae, maana si habari ya kusimuliwa wima.

Kwanza uwanja. Uwanja wetu umeinama. Goli la juu liko karibu na ukuta wa kanisa, la chini liko karibu na mtaro, na mpira ukiuacha katikati utajipeleka wenyewe mtaroni. Kila aliyewahi kucheza pale anajua kazi: shilingi ikirushwa ukashinda, unachagua kupanda kipindi cha kwanza miguu ikiwa bado mipya, kisha kipindi cha pili unashuka na watu wako kama maji. Wageni huwa hawajui. Wanaona mteremko, wanafurahi, wanaushuka wakiimba, na baada ya mapumziko tunawamaliza. Tumeishi hivyo miaka yote.

Huyu akaja na filimbi shingoni na sauti ya mtu anayeongea wodini. Mechi ya kwanza ya nyumbani nahodha akashinda shilingi, akamtazama kocha, kocha akaonyesha kwa mkono: shukeni. Mstari mzima wa mashabiki tuliduwaa. Karibu nami huwa anasimama mzee mmoja wa Kabiro, mwenye ploti za kupangisha, mtu ambaye hata mpangaji wake akifiwa atamwambia subiri mechi iishe. Alimfuata kocha, akamweleza taratibu mambo ya ule mteremko. Kocha akamsikiliza mpaka mwisho, akasema asante mzee, lakini anataka vijana wafunge mapema wapate imani.

Imani, jamani. Tulifunga mawili tukiwa tunashuka, tukaimba mpaka koo zikakauka. Kipindi cha pili vijana wetu wakaanza kupanda kile kilima ndimi nje, tukafungwa matatu. Nikasema sawa, amejifunza. Mechi ya nyumbani iliyofuata, mkono uleule: shukeni. Msimu mzima! Ungedhani kuna mtu alimlisha kiapo.

Halafu hayo mambo ya kupasiana kutoka kwa kipa. Mimi sikatai pasi, pasi ni nzuri kwenye nyasi. Uwanja wetu una mawe. Kipa anampasia beki hatua chache, mpira unagonga jiwe, unageuka kwa adui, sisi tunashika vichwa. Na kocha pale pembeni kimya, mikono nyuma, hata tusi moja hatoi. Yule wa zamani alikuwa anapiga kelele mpaka watoto wanaolala kule nyuma ya kanisa wanaamka, na sisi tulimpenda kwa hilo. Ulijua kuna mtu anaumia pamoja nawe. Huyu wa sasa, tukifungwa, anawagawia wachezaji maji.

Lakini kilichonikosesha usingizi mimi hakikuwa mteremko. Ni ndugu yangu.

Ndiye straika wetu. Ni kitinda mimba wa mama, na mama alipotuacha nikabaki naye mimi, kwa chumba kimoja, pazia katikati. Shule ameacha mara mbili. Mara zote mbili ilianza vilevile: amekosewa, amenuna, amelala akiangalia ukuta, kesho yake anasema siendi tena, na ukisikia hayo maneno umekwisha. Mpira ndio uliomburuta mpaka chuoni kusomea kuchomelea vyuma. Niliomba Mungu asije mtu akamharibia huo mpira, kwa sababu ukimtoka na shule inamtoka, na huku kwetu kijana asiye na shughuli hakosi genge la kumpokea. Nimewasuka mama za vijana kama hao. Najua wanavyokaa kwa kiti wakisubiri simu ya polisi.

Kocha wa zamani alimjua vizuri. Akikosa darasa, sawa, ilimradi afike mazoezini. Huyu mpya akaleta sheria: asiyeingia karakana kwa wiki nzima hachezi Jumamosi. Na anaenda mwenyewe kuwauliza walimu. Mimi nilimwona mtu wa kujionyesha kwa mkuu wa chuo, anashindwa na mpira anajificha kwenye masomo.

Basi tukafika mechi ya mwisho, nyumbani, tunahitaji sare tu tusishuke daraja. Na wiki hiyo, kati ya wiki zote, ndugu yangu akakosa karakana. Alikuwa kule mtaa wa Satellite na wenzake wakijifunza kupiga friikiki, ati kwa ajili ya mechi. Nilipofika uwanjani nikamwona kwenye benchi, koti limefungwa mpaka kidevuni. Nikamwendea kocha moja kwa moja.

"Kocha, huyu kijana leo anacheza ama hachezi?"

"Hachezi, madam."

"Unajua leo ni leo?"

"Najua."

"Tutashuka."

"Pengine tutashuka," akasema, kwa ile sauti yake ya wodini. "Lakini hachezi."

Nilitaka kumshika shati. Mzee wa Kabiro ndiye aliyenivuta mkono. Shilingi ikarushwa, tukashinda, tukashuka kama kawaida yetu mpya, tukafunga moja. Kipindi cha pili tukapanda. Mengine unayajua: mbili moja, na mtu pekee ambaye angeweza kutufungia lile bao la sare amekaa na koti. Filimbi ilipolia nililia mbele ya watu, na sijali.

Pale pale mzee akatangaza kwamba Jumatatu tunaenda kwa mkuu wa chuo, huyu kocha aondoke, na mimi ndiye nitakayesema kwa sababu mdomo ninao. Nilikubali kwa roho safi. Jumapili yote nilipanga maneno, hata kanisani nilikuwa nayapanga, mhubiri anasema lake na mimi langu.

Nyumbani ndugu yangu hakula. Alilala akiangalia ukuta. Niliujua ule mgongo, nikawa nasubiri tu yale maneno, na kila dakika niliyosubiri nilizidi kumchukia yule mtu.

Jumatatu asubuhi nikasikia maji kwenye beseni. Nikachungulia pazia. Amevaa ovaroli.

"Unaenda wapi?"

"Class."

"Na vile kocha alikufanya?"

Akainama kufunga viatu. "Amesema nisipofika karakana saa mbili atakuja kunichukua hapa."

"Hapa? Nani alimwonyesha hapa?"

"Siz, huyo huja kila saa. Wewe huwa ushaenda saluni."

"Huja kufanya nini?"

"Kunigongea mlango niende class," akasema, na amekasirika kwelikweli, amemkasirikia kocha, amenikasirikia mimi, amekikasirikia kile kiatu. Akachukua chapati moja iliyobaki ya jana, akatoka nayo mdomoni.

Nilikaa kitandani na hotuba yangu kichwani. Halafu nikavaa, nikaenda, kwa sababu nilikuwa nimeahidi watu.

Ofisini kwa mkuu tulijaa mpaka mlangoni. Mzee wa Kabiro alifungua kikao vizuri, akaeleza mteremko, akaeleza mawe, akaeleza straika kuwekwa benchi siku ya kufa na kupona, na kila neno alilosema lilikuwa kweli. Mkuu akauliza, sasa ninyi mnataka nini, kocha aende? Wote wakanigeukia mimi. Nikasimama. Yale maneno yote niliyopanga kanisani yalikuwa yamejipanga hapo kwenye ulimi, makali, na hasira yangu ilikuwa bado ya moto, hata sasa ninapoandika haijapoa.

"Abaki," nikasema.

Mzee akaniuliza kama naumwa. Mkuu akaniomba nirudie kwa sauti, kwa sababu walio mlangoni hawakusikia, na ikabidi niseme tena.