Usimpe Kamba

Springa wa kwanza tulimpoteza mimi na Papa, baba yangu, mvua zikiwa bado zinanyesha. Baada yake tukapoteza wengine. Yule mkubwa kuliko wote tulimpoteza baada ya meseji kuanza kuzunguka kwenye simu za watu, ikisema wageni waondoke Durban kabla hawajaondolewa.

Springa ni samaki wa bandarini. Ni mwembamba, mrefu kama mguu wangu, rangi yake ya sufuria mpya. Akishikwa tu anaruka juu ya maji na kutikisa kichwa kama mtu anayekataa kitu. Nyama yake ni miiba mitupu, na wavuvi wenyeji wakimpata wanampiga picha na kumrudisha. Papa hakumtaka wa kula. Papa amekulia ziwani, upande wa Uvira, Kongo, amevuta sangala kwa kamba ya mkono tangu akiwa mtoto. Hapa kazi yake ni kulinda magari kwenye parking ya beach. Anavaa koti la njano na kusema "sharp, boss", yaani sawa bosi, mchana kutwa kwa watu ambao hawamtazami. Jumamosi anapumzika, na Jumamosi ni ya samaki.

Tulikuwa tunavua nyuma ya maghala ya Clairwood, pale mfereji mkubwa wa saruji unapoingia bandarini. Maji ni ya kahawia na yana mafuta juu. Malori yanapita nyuma yako mpaka ardhi inatetemeka. Chambo chetu kilikuwa kimoja tu, samaki wa plastiki, bapa, mwenye ndoano za pembe tatu tumboni na mkiani. Papa alimkuta amenasa kwenye mizizi ya mikoko, akaingia kwenye matope mpaka mapajani kumchukua. Ndani yake kuna vipira vya chuma, ukimtikisa analia cha-cha-cha. Tulimwita Njuga. Unamrusha, unamwacha azame kidogo, halafu unazungusha mashine ya kamba haraka, na fimbo ya kuvulia inatetemeka mkononi kama simu iliyozimwa sauti. Springa anasikia ule mlio kutoka mbali, anakuja na hasira, anapiga. Kumnasa si kazi. Kazi ni kumleta.

Sheria ya Papa ilikuwa ya ziwani. Samaki mkubwa akivuta, unamlegezea kamba aende, achoke, ndiyo umrudishe. "Mpe!" alikuwa anapiga kelele. "Mpe kamba, mama! Mpe!" Mama ni mimi, akina baba wa Kongo wanawaita binti zao hivyo. Nami ninampa. Springa anaruka, kamba inalegea, anatikisa kichwa, na uzito wa Njuga wenyewe unaing'oa ndoano mdomoni. Unasikia cha-cha-cha hewani, halafu kimya. Papa anasema, "Eish," kama Mzulu, na anafungua chupa ya chai.

Mimi nilikuwa nimeshaona kosa liko wapi. Sikusema. Ndivyo nilivyo. Darasani, Grade 10, mwalimu akiuliza najua jibu, naliandika nyuma ya daftari, na mwenzangu analisema.

Baada ya ile meseji mambo yalianza kubadilika taratibu, na hilo ndilo lililonitisha. Saluni anakosuka mama yangu, Maman, ilifunga geti la chuma, ikawa inaingiza wateja mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma, halafu ikafunga kabisa. Duka la Mwethiopia kwenye kona ya kwetu, Cato Manor, likatiwa kufuli tatu, na siku iliyofuata lilikuwa tupu hata rafu hazipo. Jirani wa chumba cha pembeni, aliyezoea kuniomba chumvi, akaacha kuomba chumvi. Shuleni walisema kuna watu wanasimamisha wapita njia, wanagusa kiwiko na kuuliza hiki kinaitwaje kwa Kizulu. Nikawa namfundisha Papa kila jioni: indololwane. Alilisema kwa ulimi wa ziwani, likatoka kama jina la mji wa Kongo. Tulicheka yeye na mimi. Maman hakucheka.

Jumamosi ilipofika Papa akachukua fimbo.

"Leo tena?" Maman akauliza. "Iko nini kwenye ile maji?"

"Iko samaki."

"Iko miiba."

"Maman, nikikaa humu ndani siku mzima nitakuwa mgonjwa."

Maman akamkabidhi chupa ya chai. "Sawa. Lakini mtoto anaenda na wewe. Kizulu yako ni ya 'sharp, boss' tu. Mtu akiuliza kitu, wewe unafunga mdomo, yeye anajibu." Halafu akanigeukia. "Umesikia? Wewe ndiyo mdomo yake."

Niliitikia kwa kichwa. Njia nzima mpaka Clairwood nilijaribu sentensi za Kizulu kimoyomoyo, na hakuna hata moja niliyoifikisha mwisho.

Mferejini hapakuwa na mtu. Wavuvi wa kila Jumamosi, na yule mzee wa Kihindi anayeuza uduvi wabichi wa chambo, wote hawakuja. Malori yalikuwa yamepangwa nyuma ya uzio, na madereva hawaonekani. Papa alirusha mara chache, kisha akanipa fimbo ili amwage chai. Njuga aligusa maji, nikahesabu kidogo, nikaanza kuzungusha, na springa akapiga karibu aniangushe.

Aliruka papo hapo. Alikuwa mkubwa sana.

"Mpe!" Papa aliruka juu, chai ikamwagika. "Mpe kamba, mama! Usishindane naye! Mpe!"

Ndipo nikawaona. Juu ya ukingo, kwenye njia inayofuata reli, wanaume wanne walikuwa wamesimama. Mmoja ameshika bomba la chuma, amelilaza begani kama jembe. Walikuwa wanapita tu. Sauti ya Papa, kwa Kiswahili, ndiyo iliyowasimamisha.

"Thula, Baba," nikasema. Nyamaza. Kwetu hatusemi Baba, tunasema Papa, na alinitazama kana kwamba nimemwita mtu mwingine. Halafu naye akawaona, akafunga mdomo.

Springa alikuwa bado anakwenda. Mwanamume mwenye kofia nyekundu ya sufu alishuka hatua mbili kwenye ukingo, macho yake kwenye maji. "Usimpe kamba!" akaniambia kwa Kizulu. "Kaza! Shusha fimbo chini, asiruke! Zungusha, msichana, zungusha!"

Papa hakuweza kusema, lakini mikono yake ilikuwa inasema. Alikuwa ameiweka mbele ya kifua, anaifungua na kuisukuma, anaifungua na kuisukuma: mpe, mpe. Nikatazama kofia, nikatazama mikono ya Papa. Nikampa kamba. Springa akatoka majini mzima mzima, akakataa mara mbili, na Njuga akaruka hewani akilia, akaangukia kwenye nyasi karibu na viatu vya wale watu.

Mwenye kofia nyekundu alimwokota, akamtikisa sikioni. "Alikuwa wako," akasema. "Umempa mwenyewe ruhusa."

Mwenye bomba hakuwa anatazama samaki. "Mzee," akamwambia Papa, "mbona huongei? Tumesikia sauti yako tangu relini. Sasa imekwenda wapi?"

Papa akanigeukia. Hapakuwa na daftari wala mwenzangu wa kulisema jibu, nikasema mwenyewe. "Ni baba yangu. Anaumwa meno."

"Meno." Mmoja wao akacheka. "Na alikuwa anapiga kelele na meno hayohayo?"

"Ndiyo maana yanamuuma sasa."

Wakacheka tena, isipokuwa mwenye bomba. "Mnakaa wapi?"

Nilikuwa nimeshaanza kusema na sikujua namna ya kuacha. "Cato Manor. Barabara ile ya kanisa la bati la bluu." Yalitoka yote, safi, kwa Kizulu kizuri cha darasani.

"Mwambie mzee aseme hiki ni nini." Akagusa kiwiko chake.

Nilimsikia Papa akivuta pumzi. Mwenye kofia nyekundu akasema, "Ah, wewe nawe, mwache mzee na meno yake. Tunachelewa." Akamtia Njuga mfukoni, akapanda ukingo, na wengine wakamfuata. Mwenye bomba alikuwa wa mwisho kugeuka. Tulisikia mlio mfukoni mwa yule wa kwanza mpaka walipopita maghala.

"Njuga yetu," nikasema.

"Mwache," Papa akanong'ona. "Mwache aende nayo."

Nyumbani Maman aliuliza nilichowajibu, neno kwa neno. Kusikia ya meno alitabasamu. Nilipofika kwenye kanisa la bati alikaa kitandani polepole.

"Umewapa nyumba," akasema.

Hakunigomba. Ingekuwa afadhali. Tangu siku hiyo begi lilikaa nyuma ya mlango, na ndani yake karatasi zetu, dawa ya Maman na nguo za kubadili. Papa hakwenda kazini. Mimi sikwenda shule. Nilikaa chini ya dirisha nikisikiliza barabara. Sikujua kwamba barabara moja ina sauti nyingi hivyo, gari, mbwa, ndoo, watoto, mtu anaburuta kitu cha chuma. Kila kitu cha chuma kilikuwa bomba lile. Papa alisema, "Wapo watu wengi Cato Manor, mama. Hawatatukumbuka." Alisema hivyo mara nyingi mno.

Asubuhi moja, Maman akiosha vyombo, nikamsikia Njuga.

Cha-cha-cha. Alikuwa mbali, upande wa kanisa. Cha-cha-cha. Maman aliacha sahani ndani ya maji. Sauti ilikuja bila haraka, ikapita mbele ya uwanja wetu, ikaendelea chini. Papa alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono imefunguka kifuani kama siku ile.

"Ni yule," nikasema.

"Usiende dirishani," Maman akasema. Lakini nilikuwa nimeshafunua pembe ya pazia.

Ile kofia nyekundu ilifika mwisho wa barabara, ikageuka na kurudi. Alikuwa peke yake. Mkono mmoja ulikuwa mfukoni, unatikisika. Hakuwa anatazama milango. Alikuwa anatembea katikati ya barabara, anatazama mbele, kama mtu anayeenda dukani na sarafu zake, na mkono ule hautulii. Nikaona kitu ambacho mpaka leo sijui nilikionaje: mtu anayewinda hapigi njuga.

"Ananiita," nikasema.

"Anaita nani?" Maman alinishika mkono. "Usifungue. Umesema ya kutosha siku ile."

Sauti ilikuwa inakaribia. Kama angepita tena, labda asingerudi. Nilimtazama Papa. Yeye ndiye aliyeuondoa mkono wa Maman kwenye wangu, kidole kimoja kimoja.

Nilitoka na ndoo, kana kwamba naenda kuchota maji. Nilisalimia, "Sawubona, baba," na sauti yangu ikatoka ndogo lakini ikatoka.

Alisimama, akajifanya anafunga kamba za kiatu. "Nimepita barabara hii alfajiri pia," akasema chini kwa chini. "Wewe ni mgumu kusikia kuliko springa. Leo msikae hapa. Wanaanzia juu, wanashuka huku. Wana orodha, na yule mwenye bomba anakumbuka kanisa."

Nikasema, "Kwa nini hukuuliza tu tunakaa wapi?"

Aliinua macho. "Nisimame barabarani niulize wageni wanakaa mlango gani?"

Alisimama, akaniwekea Njuga ndani ya ndoo. "Na mwambie yule mzee wa meno," akasema, akianza kuondoka, "springa hapewi kamba." Halafu akapaza sauti na kumsalimia mtu ng'ambo ya barabara, wakacheka kuhusu mpira.

Tulitoka saa hiyohiyo, si wote pamoja. Maman alitangulia na begi kichwani kama mtu anayepeleka nguo kufuliwa. Papa na mimi tukafuata baada ya muda. Jirani wa chumvi alituona. Alifungua mdomo, akaufunga, akaingia ndani. Fimbo tuliiacha juu ya kabati, kwa sababu ni ndefu na kila mtu angeuliza mnakwenda wapi. Tulipitia njia za nyuma, tukakutana na Maman kwenye kilima cha kupanda Berea, ambako watu wa kanisa letu wana fleti na walikuwa wamesema, njooni hata kama ni sakafuni.

Kila hatua Njuga alilia mfukoni mwangu. "Nyamazisha hiyo kitu," Maman akasema bila kugeuka. Nikamkamata kwenye ngumi.

"Alisema nini juu ya kamba?" Papa aliuliza tulipofika kwenye robot ya kwanza, yaani taa za barabarani.

"Kwamba hapewi."

Alitembea kidogo. "Kwetu tunamupatiaka kamba," akasema.

"Najua, Papa."

Huko chini, upande tuliotoka, filimbi za wale wenye orodha zilikuwa zimeanza kulia, kwanza moja, kisha nyingine ikaijibu, kisha nyingi. Maman aliongeza mwendo. Ndoano moja ilikuwa imenichoma kidole gumba, nami nikaiacha humohumo, nikaikaza ngumi mpaka tukafika juu.