Raelene na Jeshi la Krasus

Mavuno ya ngano yakiisha, Raelene Schirmer huwa hajui aiweke wapi mikono yake. Tangu Novemba mpaka katikati ya Januari yuko kwenye kibanda cha maghala, anachoma bomba la chuma kwenye shehena ya kila lori linaloingia, anatoa ngano kidogo, anaipima unyevu, anamkaripia dereva asogee. Halafu siku moja malori yanakoma. Mji wetu wa Kurrabeen unanyamaza, linabaki joto na nzi. Hapo ndipo anapoanza kuzunguka.

Mwaka ule alizunguka kuliko miaka yote. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, na kwa miaka ishirini ndiye aliyewafunga bandeji za vifundo na kuwabebea maji wachezaji wa klabu yetu ya mpira, ule wa umbo la yai unaohesabiwa kwa pointi. Mazoezi ya kabla ya msimu yalikuwa saa kumi na moja jioni. Yeye saa sita mchana alishafika uwanjani, anakagua nyasi zilizokauka, anahesabu chupa, anarudi nyumbani, anakuja tena. Mimi, Col, ndiye mtunza saa wa klabu, nina kijichumba changu juu ya jukwaa, na mara nyingi nilimkuta amekaa humo na kitabu ambacho hakisomi.

"Rae, tulia basi, unanitia kizunguzungu," nilimwambia.

"Nitatulia Aprili, ligi ikianza," akasema.

Vitabu vyake vilikuwa vya Roma ya kale. Maktaba yetu ilipofungwa, waliviweka vitabu vyote ukumbini, kila mtu achukue anavyotaka. Watu walichukua vya mapishi na vya upelelezi. Raelene alichukua historia nzima ya Warumi, juzuu kumi na moja, akaisukuma hadi nyumbani kwa toroli la bustani. Tangu hapo hakuna mchezaji aliyefungwa kifundo bila kusimuliwa kidogo. Walimwita Kaisari. "Haya Kaisari, leo kauawa nani?" wangemuuliza, mguu tayari juu ya meza.

Kocha mpya alikuwa Dion Macreadie, mtu wa pwani, mwembamba, asiyecheka ovyo. Klabu ilimleta kwa sababu misimu miwili mfululizo tulikuwa wa mwisho. Alipopata habari za Raelene alimfuata kwenye chumba cha bandeji.

"Wanasema unawajua Warumi kama majirani zako."

"Nawajua zaidi. Majirani sijasoma barua zao."

"Basi Jumanne waambie vijana jinsi Warumi walivyofanya mazoezi. Dakika kumi tu."

Alizungumza dakika arobaini. Wachezaji walikaa kwenye kivuli cha jukwaa, na sikumwona hata mmoja akishika simu. Aliwaambia jinsi askari wapya walivyopewa panga za mbao zenye uzito maradufu ya panga za kweli, ili siku ya vita zile za chuma ziwe nyepesi mkononi. Aliwaambia jinsi walivyotembea karibu kilomita thelathini kwa asubuhi moja ya kiangazi, mizigo mgongoni. "Na wakifika hawalali," akasema. "Wanachimba handaki kuzunguka kambi kwanza. Kila siku. Hata kama kesho wanaondoka."

Walimpigia makofi. Brodie Nuske, kijana wa miaka ishirini na minne anayeendesha mashine ya kuvunia, akasema, "Tukishika mkia tena mwaka huu, Kaisari, lawama zako." Sijawahi kumwona Raelene amefurahi vile.

Alhamisi kocha alikuja na mifuko ya ngano ya kilo kumi na tano. Kila mchezaji aliufunga wake mgongoni akakimbia kuzunguka uwanja. "Warumi," kocha alikuwa akisema, neno hilo tu, na wao wanaitikia "Warumi." Wiki ya pili aliongeza mizunguko. Wiki ya tatu akasema maji yatanywewa mwisho, kila mtu akishamaliza.

Raelene aliacha kabisa kukaa. Alishuka ngazi za jukwaa, akapanda, akashuka. Aliwahi kuacha kumfunga mtu bandeji katikati akatoka nje kutazama anga. Nilimuuliza ana nini, akasema ni joto.

Alhamisi ya mwisho ya Februari joto lilifika nyuzi arobaini na moja. Jioni lilikuwa limeshuka nyuzi mbili tu. Upepo ulitoka kaskazini, umebeba vumbi la mashamba yaliyovunwa. Kocha alisema mizunguko kumi na miwili. Raelene alipanda kwangu, akasimama dirishani.

"Kuna habari sikuwaambia," akasema. Alikuwa akiongea harakaharaka. "Kulikuwa na jemadari mmoja anaitwa Krasus, tajiri kuliko wote. Alipeleka jeshi jangwani kupigana na Waparthi. Wakafika kwenye kijito, watu wamekauka. Maofisa wake wakamwambia tupige kambi hapa, wapumzike. Akakataa. Akaamuru wale na wanywe wamesimama kwenye mistari, na kabla wengi hawajamaliza akawaondoa. Siku hiyohiyo wakakutana na adui. Maelfu kwa maelfu walikufa."

"Mbona hukuwaambia?"

"Ingeharibu hotuba." Alikuwa bado anatazama uwanjani. "Walikuwa wananisikiliza, Col. Mtu hataki kuharibu."

Kisha akasema, "Mtazame Brodie."

Brodie alikuwa akikimbia upande upande, kama mtu anayetafuta ukuta wa kushika. Raelene alishuka ngazi, akanyakua kreti la chupa, akaingia uwanjani. Nilimfuata hivyo hivyo, na magoti yangu haya mabovu.

"Toka, Rae," kocha akasema. "Wamebakiza mizunguko miwili."

"Wape maji."

"Wewe mwenyewe ndiye uliyesema Warumi—"

"Najua nilichosema. Wape maji, Dion."

Wachezaji watatu walikuwa wameshasimama. Kocha alifungua mdomo, lakini mtu akapiga kelele kutoka kwenye nguzo za goli za upande wa barabara. Brodie alikuwa chini. Ngozi yake ilikuwa ya moto kama bati la paa, na alikuwa akiongea na mama yake, ambaye hakuwapo. Raelene alikata kamba za mfuko kwa mkasi wa bandeji. Tulimbeba hadi kivulini, tukamwaga barafu yote ya klabu kwapani na kinenani mwake, na kocha mwenyewe ndiye aliyekimbilia baa ya barabarani kuleta nyingine. Gari la wagonjwa lilichukua dakika thelathini na tano. Sijawahi kuitazama saa namna ile.

Alipona. Figo zilikuwa zimeanza kugoma, wakamweka hospitali siku tisa, wakamkataza kucheza mpaka Juni. Raelene alikwenda kumwona siku ya tatu, nami nikaendesha gari.

"Mbona hukusimama, mwanangu?" alimuuliza. "Uliona kabisa mwili umekataa."

"Si ulisema wale walikuwa hawanywi maji."

"Sikusema hivyo."

Brodie alifikiri kidogo. "Basi mi ndo nilisikia hivyo," akasema, bila ubaya wowote.



Kamati ilikutana. Wengine walitaka kocha afukuzwe. Raelene alisimama, na tulidhani atakuwa wa kwanza kumchoma. "Yeye alifanya kosa," akasema, "na mimi nilimpa maneno ya kulifanyia. Kama anaondoka, na mimi naondoka." Kocha alikuwa amekaa pembeni, kofia mikononi. Alisema mazoezi yatakuwa alfajiri, maji kila robo saa, na mifuko ya ngano hataigusa tena. Wakambakiza kwa tofauti ya kura mbili. Bill Nuske, baba yake Brodie, alitoka bila kumpa kocha mkono, na mpaka leo hajampa.

Jumanne iliyofuata Raelene aliwasimulia wachezaji habari za Krasus, kijito na yote. Hakuna aliyepiga makofi. Mmoja aliuliza kama wangeshinda iwapo wangepumzika. "Sijui," akasema. "Labda wangeshindwa tu. Lakini wangeshindwa wakiwa wamekunywa."

Mechi ya kujipima ya Machi tulifungwa kwa pointi thelathini na moja. Raelene hakukaa hata robo moja ya mchezo. Alitembea pembeni ya mstari kutoka goli mpaka goli, chupa mbili kila mkono, akifuata mpira ulikokwenda, na kila mchezaji aliyemkaribia alinyweshwa, awe na kiu asiwe nayo, hata wale wa timu nyingine.