Msimu Mpya wa Chombo cha Anga

Jirani amewasha jenereta asubuhi hii, na harufu ya mafuta imenirudisha Kibabi, kijiji cha utoto wangu, kwenye nyumba ya mbao ambamo Papa mmoja, kama tulivyowaita wanaume wazima, alituonyesha filamu ya mfululizo ya watu wanaoishi ndani ya chombo cha anga. Msimu mpya tuliungoja masika yote. Ulipofika ulituchosha. Kapiteni wa chombo, tuliyempenda, alikufa ovyo mwanzoni, na waliobaki waligombana tu.

Siku moja tukiendelea kuutazama, mara yule Papa akazima jenereta. Risasi zilisikika upande wa kijiji cha Kingi, zikikaribia.

"Mulale chini. Mutu asilie," akasema.

Tulilala kwenye vumbi. Mdogo wangu akaanza kulia chinichini. Dada yetu mkubwa akamfunika kitenge, akamnong'oneza, "Kapiteni hakufa. Iko nyuma ya mwezi, anatengeneza moteri ya chombo yake."

Viatu vizito vilipita nje, vikasimama mlangoni. Dada hakunyamaza. Alipunguza tu sauti, akaendelea na hadithi, akimrudisha kapiteni nyumbani kidogo kidogo, mpaka viatu vikaondoka.

Kulipotulia kabisa, yule Papa alishika kamba ya jenereta aiwashe tena.

"Papa, uache kwanza," mdogo wangu akasema. "Dada bado hajamaliza."