Niliwaambia Wasiwafungulie Wauguzi

Sikutumwa na mtu. Simu ilikuwa yangu, mdomo wangu, na sauti iliyoingia kwenye simu za watu ilikuwa yangu. Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, ingawa hata ukinihukumu sasa hivi sina la kujitetea.

Mimi ni mwanamke wa Tanga. Nasuka nywele hapa Joubert Park, Johannesburg, na kiti changu kiko mlangoni kabisa mwa jengo tunaloishi. Pale nilipo naona mtaa mzima: nani kaingia, nani katoka, gari gani linazungukazunguka. Jengo letu limejaa Wakongo, Warundi na Watanzania. Wengi karatasi zao zimeisha muda. Tangu wageni waliposhambuliwa mwaka 2015, hodi ya mtu tusiyemjua inatukata pumzi.

Ndiyo maana tuna kundi letu la wasapu, na macho ya kundi hilo nilikuwa mimi. Nikiona polisi wanakuja kukagua vibali, narekodi sauti: "Jamani, mvua!" Basi milango inafungwa, redio zinazimwa, watoto wanazibwa midomo. Nilikuwa sijawahi kukosea. Nilijivunia jambo hilo, Mungu anisamehe!

Asubuhi moja niliona gari jeupe la kliniki limesimama kwenye robot, taa za barabarani. Nyuma yake, gari la polisi. Taa ilipowaka kijani yakaja yote mawili, yakaegesha mbele yetu. Akashuka mama wa makamo, mnene, amevaa sare ya uuguzi, na wasichana wawili wamebeba maboksi ya baridi ya kuwekea chanjo. Polisi wakabaki wameegemea gari lao, wanakula mahindi.

Niliyaona yote hayo sawasawa. Lakini sikumuuliza mtu hata neno moja. Yule mama alipita karibu nami kiasi cha kuweza kumshika mkono!

Nikabonyeza simu. "Jamani, mvua! Safari hii wamewavalisha polisi nguo za uuguzi. Wanasingizia chanjo ya surua. Mwenye mtoto asifungue!"

Polisi waliovalishwa nguo za uuguzi! Hilo nililitunga papo hapo. Lilinoga mdomoni, nikaliachia.

Niliwasikia wakigonga ghorofa hadi ghorofa. Jengo zima kimya kama limehamwa. Waliposhuka, yule mama alisimama mbele yangu akihema, akaniuliza kwa Kiingereza:

"Dada, humu ndani kuna watoto?"

"Sijui, mama. Mimi nasuka tu."

"Eish! Nepi zimeanikwa kila dirisha, na watoto hakuna?" Akanitazama. "Surua imeshafika mitaa ya jirani. Ukiwaona hao wenye nepi, waambie."

Nikainamisha uso kwenye kichwa cha mteja wangu nikaendelea kusuka.

Walipoondoka nilipongezwa. Mama Merveille, rafiki yangu fundi cherehani, Mkongo wa Uvira, alishuka kutoka chumbani kwake, akaketi kushona kando ya kiti changu kama kawaida. Alicheka mpaka akaacha cherehani. "Ee dada, bila weye leo tungekuwa tayari mupakani! Tukuchague waziri." Binti yake Merveille, hata miaka mitatu hajafikisha, alikuwa miguuni petu akichezea vipande vya kitenge. Hakuwa amepata chanjo ya surua. Mama yake aliwahi kufokewa kliniki kwa sababu ya karatasi, akaapa hatarudi.

Haikupita muda mrefu, Merveille akashikwa na homa. Kisha mafua, kikohozi, na macho mekundu kama ya mtu aliyekaa kwenye moshi.

"Ni meno ya nyuma," mama yake akasema.

Kesho yake nikaona vipele nyuma ya masikio. Vikashuka usoni, vikashuka kifuani. Nimekulia nyumba yenye watoto wengi, surua naijua. Na bado sikusema! Niliogopa kwamba nikilitaja jina la ugonjwa, watu watakumbuka nani aliyewafungia mlango.

Kisha pumzi ikaanza kumshinda. Kila akivuta hewa, mbavu zilikuwa zinaingia ndani.

"Dada, mutoto hapumue muzuri! Tufanye nini?"

"Twende kliniki."

"Kliniki? Si ulisema ni polisi?"

Nilimfunga Merveille mgongoni kwangu nikakimbia, mama yake nyuma yangu analia. Kichwa cha mtoto kilikuwa kinagonga bega langu, cha moto, na kulikuwa na nyakati sikusikia kabisa akihema. Sijawahi kuogopa hivyo maishani mwangu.

Aliyetupokea ni yule yule mama mnene. Wenzake walimwita Sista Thandeka. Alimchukua mtoto, akamvalisha kinyago cha oksijeni, akampa matone ya vitamini A, akaagiza gari la wagonjwa, yote bila kupandisha sauti. Ndipo akauliza kuhusu chanjo.

"Mulikuja," Mama Merveille akasema kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. "Hatukufungua."

"Kwa nini?"

Mama Merveille alinitazama. Nilijua sasa ananitaja! Akageuka akasema, "Tuliogopa."

Gari lilipowachukua kwenda hospitali nilibaki, nikamweleza Sista kila kitu. Kisha akaniambia kwamba yeye ndiye msimamizi wa chanjo ya mitaa yetu, na polisi aliwaomba yeye. Muuguzi wake mmoja alikuwa ametishiwa kwa kisu kwenye ngazi za jengo jingine, akanyang'anywa simu. Alitaka kuwalinda wasichana wake.

"Kesho nakuja bila polisi," akasema. "Na wewe utapanda ngazi pamoja nami."

"Sista, watanipiga!"

"Wakianza kupiga, unisubiri. Mwili huu haukimbii."

Nilimsikia akibishana na wakubwa wake kwenye simu. "Gari la polisi likija, mimi sitoki kliniki. Tunataka watoto wachanjwe au tunataka kuonekana tumefika?" Akakata simu. Naye aliogopa, lakini alikuja.

Kabla hajafika nilituma sauti nyingine: "Jamani, nilikosea. Wale ni wauguzi kweli. Fungueni, watoto wachanjwe."

Unajua walinijibu nini? "Wamekulipa ngapi?" Mwingine akaandika: "Wamemkamata, wanamlazimisha aseme hivyo. Msifungue!" Uongo wangu waliuamini kwa neno moja. Ukweli nimeulilia na hawakuutaka.

Tulipanda. Nyuma ya mlango wa kwanza mtu akafoka: "Ondoka, msaliti we!" Mwanamume mmoja akapaza sauti, "Ukigonga tena nakumwagia maji ya moto!" Nilishuka ngazi mbili kwa hofu. Sista akanishika mkono akauliza, kwa Kiswahili mtu anasemaje kwamba amekosa kwa kuwatisha wenzake? Nikamfundisha.

Akasogea kwenye mlango uliofuata. "Samahani. Nimewatisa. Polisi hapana. Mimi na sindano tu."

Ndani bibi mmoja akaangua kicheko. "Sindano tu! Mwenyewe anaona hiyo ni habari njema!" Akafungua. Jirani yake akachungulia, naye akafungua. Sista alichanja watoto wale kwenye ngazi, ameketi chini kabisa, akiwauliza mama zao nani mwingine ana mtoto. Milango mingine ilibaki imefungwa.

Merveille alirudi hai. Lakini jicho lake la kushoto limeingia ukungu mweupe, na daktari hakuahidi kitu. Akitaka kukuona, anageuza kichwa chote.

Mama Merveille amehamishia cherehani yake Turffontein, mtaa wa mbali hapa hapa Johannesburg. Siku ya kuondoka nilimwomba msamaha, nimepiga magoti palepale barabarani. Aliniinua. "Sikuchukii, dada. Lakini ile siku nilisikia sauti yako, nikafunga mulango na ufunguo. Sasa kila nikiisikia natetemeka." Hajapokea simu yangu tena.

Wewe unayesoma, ambaye ukisema watu wanakimbia, jiogope! Usitume kitu kwa sababu umekiona kwa macho tu na kinafanana na kile unachokiogopa. Uliza kwanza. Na muuguzi akigonga kwako, ongea naye hata kupitia tundu la ufunguo, umsikie amekuja na nini.

Sista anakuja bado, na napanda naye. Kuna mlango mmoja mwisho wa ghorofa yetu haujafunguka. Ndani mna mtoto, na tangu jana anakohoa. Nimebisha leo tena. Mama yake aliisikia sauti yangu, akaburuta kabati akaliegemeza mlangoni.