Daraja la Kaptura

Ukitaka kumwona Ambrose amekasirika mpaka mishipa ya shingo imtoke, usihangaike kumtukana. Mtajie Kaptura. Utamkuta kwenye kibanda chake cha kutengeneza redio na runinga, hapa Voi, nyuma ya soko, naye ataiacha redio yako matumbo nje mezani akueleze kwa nini dunia haijawahi kuona gemu mbovu kama ile.

Kaptura ndiye shujaa wa gemu yenyewe. Jina lake la kweli hakuna anayelijua, maana maandishi ya kwenye kaseti yalikuwa ya Kichina, au ya Kijapani, au ya mwendawazimu. Ambrose na dada yake Wakio ndio waliomwita hivyo utotoni, kwa kuwa alivaa kaptura nyekundu juu ya suruali, mtu mzima na misuli yake, na inaonekana hakuwa na rafiki wa kumwambia.

Shujaa gani huyo, Ambrose huuliza, na haulizi ili ajibiwe. Anaruka angani, sawa, lakini akikaa huko muda wa kupiga chafya anaanguka na kufa. Njiwa akimgusa, amekufa. Ngumi yake haifiki mbali na pua yake. Akichuchumaa, kuinuka ni majaliwa. Silaha anayo moja, kidude cha mviringo kama mandazi, anakirusha na kinamwangukia miguuni. Hayo yote Ambrose angeyameza, lakini wapo raia wanaopunga mikono waokolewe, na ukishafika kuwaokoa, wakikugusa wanakuua wao. Hapo hukukazia macho, uchungu ukuingie.

Halafu hatua ya tatu. Kuna mto, na daraja limeinuliwa juu, halishuki ng'o. Uruke, uchuchumae, urushe mandazi yako yote, daraja liko pale pale linakutazama. Wakati huo njiwa wanakuja. Ogutu, muuza viatu vya mitumba wa kibanda cha pili, ameyasikia haya mpaka anaweza kuyasema usingizini, na husema kwamba mtu wa miaka arobaini na mbili anayegombana na katuni anahitaji maombi ya kufunga.

Ogutu hucheka kwa sababu hajui daraja lile lilivunja nini.

Baba yao alifanya kazi kwenye shamba la mkonge upande wa Mwatate, wakiishi kwenye nyumba za wafanyakazi. Mwaka wa tisini na tano alirudi na mashine ya gemu na kaseti hiyo moja. Watoto wawili, padi moja ya kuchezea, ngumi kila jioni. Baba akatoa sheria: anayeiweka padi chini, zamu yake imekwisha. Basi hakuna aliyethubutu kuiachilia. Ambrose aliwahi kula ugali akilishwa na mama yake kama kifaranga, mikono yote miwili imeng'ang'ania padi.

Siku moja Wakio, akiwa na miaka tisa, alitangaza shuleni kwamba amevuka daraja. Wenzake wakamuuliza kuna nini ng'ambo. Akasema hakuna kitu. Ambrose, mkubwa wake kwa miaka mitatu, alikwenda moja kwa moja kwa baba akasema Wakio anaongopa mbele za watu. Baba yao alikuwa mtu mpole, ila uongo ulimtoa akili. Alimtaka mtoto akiri. Wakio akakataa. Akachapwa fimbo sita, na baada ya kila fimbo aliulizwa tena, na kila mara akasema alivuka. Tangu siku hiyo hajamwita Ambrose kaka. Baba alikufa, wakazika, wakaoa na kuolewa, na kinachopita kati yao mpaka leo ni ujumbe wa simu kuhusu dawa za mama.

Na sasa mama mwenyewe, Mbeyu, alikuwa ameingiwa na ukungu macho yote mawili. Pale kwake Chawia, juu milimani, alikuwa amekwisha kumsalimia mbuzi akidhani ni pasta. Daktari alimwambia ni mtoto wa jicho, operesheni ndogo tu, aje Alhamisi. Akichelewa zaidi huenda asione tena. Mbeyu akasema haendi. Mtu hapasuliwi macho, alisema, huku watoto wake wamebebeana hasira mioyoni. Wafanye kutasa kwanza.

Kutasa kwa Wadawida, yaani Wataita, si jambo la mchezo. Unasema wazi kwamba kama kuna hasira moyoni mwako juu ya fulani itoke, unapiga funda la kinywaji, unalipuliza nje, na inatoka. Wazee walitumia pombe ya miwa. Mbeyu ni mtu wa kanisa, anatumia maji. Lakini sharti liko pale pale. Ukipuliza na kinyongo kimebaki, ubaya unamrudia yule uliyetaka apone. Alimwambia Ambrose hivyo kwenye simu, polepole, asije akasema hakusikia.

Ambrose alikasirika vibaya. Aombe radhi kwa nini, wakati aliyeongopa ni Wakio? Akapanda Chawia Jumatatu, akaitoa ile mashine darini jikoni, nyeusi kwa moshi, mende wamejenga mtaa ndani yake. Akateremka nayo Voi. Aliisafisha kwa mswaki, akachomelea nyaya upya, akaiunganisha na runinga ya mteja fulani ambaye mpaka leo anaulizia runinga yake. Nia yake ilikuwa moja: ahakikishe kwa macho yake kwamba daraja halivukiki, halafu apulize maji na moyo mweupe.

Jumanne nzima alikufa. Alikufa kwa njiwa, kwa raia, kwa kuchuchumaa. Ogutu aliacha kuuza viatu ili aangalie. Jumatano kufika saa nne asubuhi Ambrose alikuwa amekufa mara zisizo na idadi na wateja walikuwa wamekaa kwenye mabenchi kama wako sinema. Daraja halikushuka. Akageuka kuwaambia watu sasa mmeona, na mlangoni akamwona Wakio.

Wakio ni mwalimu Mwatate na anasimama kimwalimu. Alikuwa hajakanyaga kibanda kile hata siku moja. Alisema amekuja kwa ajili ya macho ya mama, si kwa kingine, kisha akanyoosha mkono apewe padi. Ambrose akampa. Alicheza ovyo, kama mtu anayekamata kuku, lakini kwa rehema za Mungu akafika mtoni. Hapo akaiweka padi mezani, akakunja mikono.

Ambrose akairukia. Wakio akampiga kofi mkononi.

"Iache," alisema.

Kaptura akasimama ukingoni na kaptura yake, hafanyi chochote. Njiwa wakaja, wakampita juu bila kumgusa. Watu wakangoja. Ikasikika feni ya kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Na daraja, lile daraja la mashetani, likaanza kushuka lenyewe.

"Mama aliniita nikaepue maharagwe," Wakio alisema. "Nyumbani hakukuwa na mwingine wa kunipora zamu, nikaiacha padi chini. Niliporudi lilikuwa limeshuka. Siku ile ya fimbo hakuna aliyeniuliza nilivukaje."

Akaichukua padi, akamvusha. Ng'ambo ilikuwa giza tupu. Kaptura akaanguka, akaendelea kuanguka, hakuna chini, hakuna muziki, halafu gemu ikarudi mwanzo. Walioitengeneza walichoka wakaenda zao nyumbani. Ogutu akapiga mbinja.

Ambrose hakuitukana gemu. Watu walimngoja aitukane, naye alikuwa akitazama mikono yake. Alijisikia mdogo na mchafu. Mwishowe akasema, kwa sauti ambayo Ogutu hajawahi kumsikia nayo, kwamba kabla ya siku ile ya fimbo alikuwa amewaambia darasa zima kuwa yeye amevuka, na kwamba ng'ambo kuna mji wa vioo na jitu la vichwa viwili. Walimpa mapera kwa hadithi hiyo. Walimbebea mitungi ya maji. Ndipo Wakio akaja na kusema hakuna kitu, na wavulana wakaanza kumtazama yeye Ambrose kwa jicho la kando.

"Sikujua kama unasema uongo," alimwambia dada yake. "Nilijua tu kwamba mimi ndiye ninayeusema. Nikakuacha uchapwe."

Wakio alichukua mkoba wake akasema mama anangoja.

Mbeyu walimkuta ameketi uani, amevaa nguo ya kanisani, kikombe cha maji magotini. Ambrose akapiga magoti. Akasema kama kuna hasira yoyote aliyombebea dada yake, na alimbebea ya bure, itoke leo, kisha akapiga funda, akapuliza kwa nguvu mpaka mama yake akalowa kilemba. Alihisi kifua kimekuwa chepesi kweli. Mbeyu akajipangusa uso, akasema anayepuliza hivyo alikuwa na mzigo.

Wakio akapokea kikombe. Akajaza maji mdomoni. Akakaa nayo muda mrefu, mashavu yamevimba, akimtazama Ambrose. Kisha akayameza.

"Haijatoka, mama," alisema. "Nikipuliza nitakuwa nimeongopa, na mimi sijawahi."

Mbeyu aligeuza macho yake ya ukungu huku na huku, akiwatafuta wote wawili kwa sauti ya pumzi zao. Akapapasa viatu vyake chini ya kiti, akavaa kimoja, akavaa cha pili.

"Haya," alisema. "Kesho nipelekeni wakanitengeneze jicho moja. Hili lingine litamngoja Wakio."