Nati ya Mama Mkwe

Asubuhi moja, nilipomaliza kukaza nati ya mashine, mama mkwe alikuja na kichupa cha rangi ya kucha akachora mstari mwekundu kuanzia kwenye nati mpaka kwenye shafti, kile chuma kirefu kinachozunguka. Tangu nimwoe binti yake sijamwona akipaka kucha zake hata siku moja. Sasa anairemba mashine?

Mashine ni yake, ya kusaga nafaka. Fundi ni mimi. Miaka sita nyuma, puli, lile gurudumu linalozungushwa na mkanda, ilichomoka ikampiga baba mkwe nyonga, na mpaka leo anatembea kwa gongo. Siku ile nilikuwa nimeikaza nati inayoizuia puli isitoke kwenye shafti, kwa mikono yangu miwili, lakini nani aniamini? Ukoo mzima ulisema nilisahau. Baba mkwe huitikia salamu zangu akitazama ukuta. Nami ukweni sibishi, nameza tu.

Mama mkwe hana maneno mengi. Husaga tangu alfajiri, nyusi nyeupe kwa unga, na akikuambia jambo mara mbili ujue umeshamkosea. Asubuhi ile alisimama nyuma yangu, mikono kiunoni, mpaka spana ikagoma kusogea. Moyoni nilimsema vibaya, Mungu anisamehe.

Jioni akazima mashine, akaniita.

"Baba, hii nati nani ameigusa leo?"

"Hakuna, mama. Ulikuwa hapa kutwa."

"Basi tazama."

Nilitazama. Mstari ulikuwa umeachana, nusu huku, nusu kule. Nati niliyoikaza mpaka mishipa ya shingo ikanisimama ilikuwa imejigeuza yenyewe, kwa mtikisiko tu! Miaka kumi na saba ya ufundi, na sikuwahi kuwaza kuchora mstari. Niliona aibu na nikataka kucheka, vyote kwa pamoja.

Yeye hakushangaa. Alichukua mkasi wa bati kwenye vifaa vyangu, bila kuomba, akakata kipande cha bati nene, ukubwa wa kiganja, akakitoboa tundu katikati. Akaniambia niifungue nati, nikivalishe nyuma yake. Ncha moja tukaikunja ikaingia kwenye mfereji wa shafti. Nikakaza, kisha ncha ya pili tukaikunja juu, ikabana ubavu wa nati. Nati haina tena pa kwenda. Huu ni mwezi wa nne, na mstari mpya aliouchora haujasogea hata unywele.

Jioni ile ile, kabla hatujaifungua nati, alimwita baba mkwe, akamweleza yote. Mzee akainama kwa shida, akaugusa ule mstari ulioachana kwa kidole. Kisha akanitazama machoni.

"Mwanangu," akasema, "nimekuonea."

Nikakaa juu ya gunia. Nilimshukuru mama mkwe kwa kunisafisha. Akajikung'uta unga.

"Usinishukuru. Nilitaka kujua kama binti yangu nilimwoza kwa mzembe. Mstari ungebaki palepale, leo ungelala kwenu."

Nikadhani ananitania. Nilipofika nyumbani nilimkuta mke wangu amepiga magoti mbele ya begi langu, akitoa nguo zangu moja moja na kuzirudisha kabatini.